Wazee wa Vita Wapewe Lori Lao

Hebu vuta picha hii. Mji mdogo huko Marekani, siku ya sikukuu. Watu wamejipanga kando ya barabara, watoto wamekaa mbele kabisa. Bendi ya shule imepita, gari la zimamoto limepita, halafu unasikia kengele ya treni. Unageuka kutafuta reli. Reli hakuna. Kinachokuja ni kichwa cha treni ya zamani, kina bomba la moshi, kengele na taa kubwa mbele, kinatembea juu ya lami kwa matairi ya mpira kama daladala. Pengine kinavuta na behewa. Ndani wamekaa wazee waliovaa kofia, wanapiga honi, wanacheka, wanawarushia watoto peremende. Hao ni wanajeshi wastaafu. Na hiyo treni, ndugu msomaji, chini yake ni lori.

Wanaitwa Forty and Eight, yaani Arobaini na Wanane. Wenyewe wanapenda jina refu la Kifaransa, La Société des Quarante Hommes et Huit Chevaux, Chama cha Watu Arobaini na Farasi Wanane. Kilianzishwa mwaka 1920 mjini Philadelphia na wanachama wa American Legion, chama kikubwa cha wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Jina hilo lina kisa, na kisa hicho ndicho kilichonifanya nikae chini kuandika, mimi mtoto wa Gitting ambako treni haijawahi kulia.

Kwa wasiopajua: ukitoka Babati kwenda Singida kwa barabara ya lami unafika Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, unakuwa umekuinamia kama mtu anayekuchungulia dirishani. Gitting iko upande wa pili wa mlima huo, kwenye baridi na ukungu, kwenye ngano, mahindi na maharage. Kaskazini yetu reli ilifika Arusha mwaka 1929 ikaishia hapo. Kusini kuna tawi la kutoka Manyoni hadi Singida. Sisi tuko katikati, na mtoto wa kwetu anaijua treni kwa kushika shati la mwenzake shuleni na kupiga kelele chuku chuku. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, ilipozinduliwa rasmi treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, anaiona pia kwenye simu ya mjomba wake.

Sasa kisa. Marekani iliingia vitani Aprili 1917 na ikapeleka Ufaransa wanajeshi wapatao milioni mbili. Vijana wale walishuka kwenye bandari kama Brest na Saint-Nazaire, wengi hawajawahi kutoka nje ya mkoa wao, na kutoka hapo walitakiwa kufikishwa mstari wa mbele. Wafaransa waliwapakia kwenye mabehewa madogo ya mizigo, yenye urefu wa kama mita sita na upana usiofika tatu. Ubavuni mwa kila behewa kulikuwa na maandishi ya rangi: Hommes 40, Chevaux 8. Watu arobaini, au farasi wanane. Maana yake ni kwamba leo behewa linabeba farasi, kesho linabeba wewe, na samadi ya farasi inaweza kuwa bado ipo. Hakuna kiti wala choo. Arobaini hawawezi kulala wote kwa pamoja, kwa hiyo wengine wanasimama hadi zamu yao ifike. Safari ya siku mbili au tatu namna hiyo, na mwisho wa safari ni mahandaki na mizinga.

Waliorudi hai walikuwa na mambo mengi ya kukumbuka. Wangeweza kuchagua bunduki, bendera, jina la jenerali. Wao wakachagua behewa la samadi. Wakaanzisha chama chenye vyeo vya uongo vya reli ya Kifaransa: tawi linaitwa "voiture", yaani behewa, mwenyekiti wake ni "Chef de Gare", mkuu wa stesheni, mkuu wa chama taifa zima ni "Chef de Chemin de Fer", mkuu wa reli, wanachama ni wasafiri. Kisha wakachukua chasisi za magari na malori, wakazivisha bati na mbao mpaka zikawa vichwa vya treni, wakaingia nazo barabarani siku za sikukuu. Hadi leo wanaingia nazo, tarehe 4 Julai, tarehe 11 Novemba ambayo ni siku ya wanajeshi wastaafu, hata kwenye maandamano ya Krismasi wakiwa wameivisha treni mataa.

Watu wazima hovyo? Ngoja kwanza.

Kuna mzee jirani yetu kule Gitting aliyepigana vita vya Kagera. Sitamtaja, hajaniomba kumtaja. Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, nalipwa kwa ajili hiyo, na kwa mzee huyu nimeuliza miaka mingi kabla sijalipwa na mtu.

"Babu, vita ilikuwaje?"

"Vita ni vita, mjukuu wangu."

Basi. Hapo mlango umefungwa. Unaweza kuzunguka utakavyo, ukaleta habari za Kyaka, Masaka, Kampala, yeye anatazama ng'ombe. Lakini siku moja niliuliza swali la kijinga tu, kwamba mlifikaje huko Kagera kutoka huku mlimani, na mzee akaongea mpaka chai ikapoa mara mbili. Lori! Lori la mazao la mfanyabiashara, lililochukuliwa na serikali, bado lina punje za mahindi kwenye nyufa za mbao. Vijana wamekaa kwenye sakafu, hakuna turubai, vumbi mpaka hamjuani. Utingo wa lile lori aligoma kushuka kwa sababu hakuamini kama tajiri wake atalipata tena, akaenda nao mbali sana. Mwenzao mmoja, mfugaji wa Kibarabaig, hajawahi kupanda gari maishani mwake, alitapika kutoka Katesh hadi Singida, na wakamcheka, naye akawaambia subirini tutembee kwa miguu ndipo mtanijua. Wakatembea. Wakamjua.

"Alirudi?" nikauliza.

"Huyo hakurudi."

Akanyamaza tena, lakini safari hii nilikuwa nimeshamjua aliyekuwa ananyamaza kwa ajili yake.

Hapo ndipo nilipowaelewa wale wazee wa Marekani na treni yao ya bati. Askari hawezi kumsimulia mtoto wa darasa la tatu jinsi mtu anavyokufa. Anaweza kumsimulia behewa au lori. Safari ya kwenda vitani ndiyo sehemu ya vita ambayo wote bado wapo, hata wale ambao hawakurudi. Ukiikumbuka safari unawakumbuka wakiwa wanacheka na kutapika, wana miaka ishirini. Kwa hiyo wale wanaodhani treni ile ni mchezo wa wazee waliochoka kukaa bure, wanaona bati tu.

Basi ninachotaka kusema ni hiki, na nakisema wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Wazee wetu wa vita vya Kagera wapite kwenye sherehe zetu za Mashujaa wakiwa juu ya lori, lori la mizigo la aina ile iliyowabeba, siyo basi dogo la halmashauri lenye mapazia. Waliendeshe wenyewe kama yupo mwenye macho na leseni. Na wakitaka kuwachekesha watoto, waachwe wawachekeshe.

Tarehe 25 Julai tunaijua sote. Kitaifa ni shughuli nzito na yenye mpangilio mzuri. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, wengine wanaweka sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua, bendi inapiga wimbo wa taifa, viongozi wa dini wanaomba. Sina ugomvi na shughuli hiyo. Waliokufa wanastahili ukimya ule. Ila jiulize, mkuki na ngao vinamkumbusha nani, kumbukumbu gani? Vinatukumbusha Maji Maji, vinatukumbusha waliopigana na Mjerumani, sawa kabisa. Mzee wa Kagera hakwenda na mkuki. Alikwenda na bunduki ya jeshi, viatu vilivyombana, na lori la mahindi. Siku yake ikifika anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, anapigiwa makofi mara moja jina la kundi lake likitajwa, anapewa soda, anarudi nyumbani. Katika siku yake mwenyewe amekuwa mwalikwa.

Na sisi waandishi tunashiriki. Picha inayotakiwa chumba cha habari jioni ya tarehe 25 ni ya mgeni rasmi akiwa ameshika silaha ya jadi. Ya mzee kwenye kiti cha plastiki inatumwa, haitoki.

Sasa mtu atasema, haya ya kupita barabarani na treni za maigizo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna utamaduni huo. Hapo nacheka kidogo, kwa sababu tulikuwa nao, na tulikuwa nao kwa ukubwa. Kulikuwa na ngoma inaitwa beni. Neno lenyewe limetokana na bendi. Ilianza pwani ya Kenya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaja Tanganyika, na hapa kwetu makundi mawili makubwa yalikuwa Marini na Arinoti, yakishindana kama Simba na Yanga. Walivaa sare za kijeshi za kujishonea, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, walicheza gwaride, na walikuwa na vyeo vya kijeshi na vya kifalme mpaka unachoka kuhesabu. Vita ilipokuja ikawachukua watu hao hao kuwa askari na wapagazi, na ilipokwisha mwaka 1918 walirudi na beni wakaisambaza mpaka bara, mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambazo leo ni Malawi na Zambia. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Watawala wa kikoloni hawakujua kama wacheke au waite polisi.

Weka mambo haya mawili pamoja. Miaka ya 1920, huko Philadelphia mwanajeshi mstaafu anajiita mkuu wa reli wa Ufaransa na kupita mjini na treni ya bati. Miaka hiyo hiyo, Tabora au Dar es Salaam, mpagazi mstaafu anajiita jenerali na kupita mjini na tarumbeta. Hawajawahi kusikiana. Wote wawili wamefanya jambo moja: wamechukua kitu kilichowaamrisha na kuwabeba kama mizigo, wakakigeuza chao, wakakipanda wao, wakakichekea. Tofauti ni kwamba wa kule waliandikisha chama na kinaishi hadi leo. Wa huku tuliwaachia ngoma yao ikafa mikononi mwetu, halafu leo tunasema hatuna utamaduni huo.

Mwaka 1927 ni mwaka wa kuutazama vizuri. Mwaka huo American Legion walirudi Ufaransa kama elfu ishirini kufanya mkutano wao Paris, wakaandamana mjini humo miaka kumi baada ya nchi yao kuingia vitani. Na mwaka huo huo hapa Dar es Salaam ilizinduliwa ile sanamu ya Askari tunayopishana nayo kila siku pale Posta, ameelekeza bunduki yenye singe baharini. Sanamu nzuri, sikatai. Lakini kampanda juu yule Mwingereza, hakujipanda mwenyewe. Na yupo peke yake, hana mpagazi. Wale wapagazi wa pande zote ambao wanakadiriwa kufa karibu laki moja katika vita ile ya huku Afrika Mashariki, kwa njaa, kuhara na mizigo, Dar es Salaam wamebakiwa na jina la soko: Kariakoo, kutoka Carrier Corps. Tunanunua nguo ndani ya kaburi la kumbukumbu yao na wengi wetu hatujui.

Hata Manyara vita ile ilipita. Aprili 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Van Deventer waliteremka kutoka Arusha kupitia Lolkisale na Ufiome, upande wa Babati, hadi Kondoa Irangi. Mvua, mbung'o na magonjwa ya farasi viliwamaliza wanyama wao kwa mamia. Wafaransa wangekuja huku wangebadilisha maandishi ya behewa: watu arobaini, farasi hakuna.

Turudi kwenye hoja za kunipinga, kwa sababu najua zipo, nyingine nimeshaambiwa usoni.

Ya kwanza ni heshima. Wazee wa heshima kupakiwa kwenye lori kama mbuzi wa mnada, tena siku ya Mashujaa? Naielewa. Kwa Wairaqw na kwa Wabarabaig mzee hapakiwi, mzee anakaa, wengine ndio wanasimama. Lakini nani ameamua kwamba heshima ni kukaa kivulini tu? Kama mzee mwenyewe anasema lori lile ndilo lililokuwa nyumba yake ya mwisho kabla ya vita, basi kumpandisha tena kwa hiari yake, akiwa juu na sisi tukiwa chini tunamwangalia, ni kumpa kiti kirefu kuliko kile cha plastiki. Neno zito hapo ni hiari. Asiyetaka asilazimishwe, na naomba asitokee ofisa akapeleka barua ya kuwataka wazee "wahudhurie bila kukosa".

Ya pili ni fedha. Hii siipi muda mrefu. Wilaya zetu zinapokea Mwenge wa Uhuru kila mwaka na msafara wa magari unaotimua vumbi kutoka kijiji hadi kijiji. Mei Mosi wafanyakazi wanapita na malori yaliyopambwa. Tunajua kupamba lori. Tunajua kupata mafuta ya lori. Lori la mazao Katesh siku ya gulio unaliona kila ukigeuka.

Ya tatu ndiyo ngumu, nayo inatoka kwa wale wale tunaotaka kujifunza kwao. Chama cha Arobaini na Wanane kwa miaka mingi kilikuwa cha weupe peke yao. Wamarekani weusi wapatao laki mbili walivuka bahari kwenda vita ile. Wengi walifanywa makuli wa kupakua meli bandarini, wengine walipigana chini ya Wafaransa na kupewa nishani, kama kikosi cha 369 kutoka New York, ambacho bendi yake chini ya James Reese Europe iliwachezesha Wafaransa muziki ambao hawajawahi kuusikia. Wote hao waliporudi nyumbani, kwenye treni ya kukumbuka vita hawakuwa na nafasi. Watu arobaini, lakini siyo wewe. Suala hilo lilichangia American Legion kutengana na chama hicho, na tangu 1960 kinajitegemea. Sharti la rangi lenyewe liliondolewa miaka ya 1970. Chama hiki kina mema yake pia: kimesomesha wauguzi wengi, na kilisaidia kwa miaka jarida la wagonjwa wa ukoma wa Carville, Louisiana. Hayo mema hayafuti lile.

Nalisema hili kwa sababu lori letu nalo litakuwa na swali hilo hilo. Nani anapanda? Vita vya Kagera havikupiganwa na JWTZ peke yake. Amin alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza vita tarehe 2 Novemba, na jeshi likaongezwa kwa polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo wa vijijini. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979. Mgambo aliyerudi akavua viatu akashika jembe, hana kadi wala picha ya sare, naye apande. Dereva wa lori la tajiri ambaye hakuwa askari ila aliendesha hadi mabomu yalipokuwa yanaanguka, apande. Na wajane. Kuna akina mama pale Hanang ambao waume zao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, na kutoka Gitting mpaka Kaboya ni safari ambayo hawajaifanya hata mara moja. Nikisema lori, kwa kweli ningependa siku moja lori hilo liwafikishe hata huko.

Jambo jingine linalonisukuma ni umri. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa 1958. Piga hesabu mwenyewe. Wale wa keya waliokwenda Burma na Madagascar katika Vita ya Pili, tulikuwa tunawaona kijijini na makoti yao, tukawazoea, siku hizi ukiulizia unaonyeshwa kaburi. Kule Marekani mwanajeshi wa mwisho wa Vita ya Kwanza, Frank Buckles, alifariki Februari 2011 akiwa na miaka 110. Hakuna aliye hai aliyelala kwenye samadi ya yale mabehewa. Lakini treni bado inapita, inaendeshwa na waliopigana Vietnam, Ghuba, Iraki na Afghanistan, ambao vitani walikwenda kwa ndege. Waliikuta treni ikiwa tayari imeshawashwa, wakaipanda. Ndiyo faida ya kuanza wakati wenyewe bado wapo. Ukisubiri wafe ndipo utengeneze, utatengeneza sanamu, na sanamu haijui habari za utingo aliyegoma kushuka.

Hata Wafaransa waliliona hilo. Februari 1949 walipeleka Marekani mabehewa 49 ya aina ile ile, yaliyojaa zawadi, kushukuru kwa chakula na misaada iliyotoka kwa Wamarekani wa kawaida baada ya Vita ya Pili. Wazo lilitoka kwa mfanyakazi wa reli, André Picard, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Kila jimbo, na wakati huo yalikuwa 48, lilipata behewa lake, na la 49 wakagawana Washington na Hawaii. Mengi bado yapo, na wanaoyapaka rangi ni wazee hawa hawa wa treni ya lami. (Nikiota ndoto naona lori likitoka Kampala kuja Hanang limejaa ndizi. Tuendelee.) Sijasahau pia kwamba mabehewa ya mizigo ya Ufaransa, kati ya 1942 na 1944, yalipakiwa Wayahudi kwenda kambi za mauaji, watu zaidi ya elfu sabini. Chombo ni kile kile. Ndiyo maana nasisitiza wasimulie waliopanda, maana behewa peke yake halisemi lilikuwa linakwenda wapi.

Kwa watoto wa Hanang hili lina uzito wake. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Wanajeshi walikuja, wakachimba tope kutafuta watu, malori yakaleta unga na mablanketi. Watoto wale wanamjua askari ni nani, wamemwona na koleo. Wasichojua ni kwamba yule babu anayechunga mbuzi watano kwenye mteremko wa Gitting, anayewafukuza kwenye shamba lake la maharage, naye alikuwa hivyo.

Na tafadhali, tusiige treni. Najua tulivyo. Likipitishwa wazo hili atatokea mjumbe wa kamati apendekeze tutengeneze kichwa cha treni ya umeme kwa mabati, kiandikwe jina la mfadhili. Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Wamarekani wana treni kwa sababu treni ndiyo iliyowabeba. Sisi tulibebwa na lori, na lori hatuna haja ya kulitengeneza kwa bati, lipo. Hata watoto wetu wanalijua kuliunda: mabua ya mahindi, magurudumu ya ndala zilizochakaa, usukani wa waya. Ningewaweka hao mbele ya msafara na malori yao ya mabua, kabla ya lori kubwa.

Mambo madogo ndiyo ya kufikiria sasa. Lori liwe na mbao ubavuni, siyo la bati tupu. Maandishi yapakwe kwa rangi nyeupe, kama ya Wafaransa, na wazee wenyewe waamue yaseme nini. Hesabu ya waliopanda siku ile na hesabu ya walioshuka ingetosha. Liondoke Gitting asubuhi kabla ukungu haujainuka, lizunguke mlima taratibu, lisimame kila kijiji chenye mzee wa kuchukuliwa, lifike Katesh uwanjani likiwa limejaa. Punje za mahindi zisifagiliwe. Pawe na ngazi ya kupandia, maana magoti siyo yale ya 1978.

Nilimweleza babu jirani mpango wote huu, nikamwambia yeye tutamweka mbele na dereva, kwenye kiti chenye mto.

"Mbele anakaa ofisa," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma, upande wa kushoto, karibu na tairi la akiba."